Kannur, nyuma ya kinasa sauti: shajara ya filamu moja ya Kimalayalam

11 Januari, Thalassery

Leo tumewasha taa. Hapa Kerala, jimbo la kusini mwa India, filamu haianzi mpaka ile taa ndefu ya shaba, nilavilakku, iwashwe tambi zake moja moja. Mwongozaji aliwasha wa kwanza, mtayarishaji wa pili, kisha akaitwa mpishi wa kundi, mzee ambaye amelisha watu wa filamu tangu enzi za mikanda. Nazi ikapasuliwa, klapa ya kwanza ikapigwa, watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa pembeni na hedifoni masikioni, nikinasa. Sauti hiyo haitaingia kwenye filamu. Ni desturi yangu tu: sauti ya mwanzo ya kila kazi naiweka.

Shajara hii naiandika kwa Kiswahili kwa ajili ya wenzangu wa nyumbani wanaojifunza kazi ya sauti, ambao kila mara huniuliza huko India unafanya nini khasa. Mimi ni msaidizi wa kwanza wa mnasa sauti. Nimezaliwa Wete, Pemba. Kazi nilisomea Pune, katika chuo cha filamu cha FTII, na Kimalayalam, lugha ya Kerala, nimekiokota kwenye seti, neno hapa neno pale, mpaka sasa nafuata mazungumzo bila mkalimani.

Jina la filamu halijatangazwa, kwa hiyo sitalitaja. Hadithi yenyewe ni hii: katibu wa tawi la chama anauawa mlangoni kwake. Siku tatu baadaye vijana wanne wanajipeleka kituo cha polisi na kukiri. Inspekta anayewapokea anaona kuwa hawajui hata nyumba ya marehemu ina milango mingapi. Mjane anajua zaidi yake, na hasemi.

13 Januari

Mtu wa kwetu anaweza kuuliza: kwa nini hapa, wilaya ya Kannur, wakati studio ziko Kochi na Thiruvananthapuram?

Kwa sababu hadithi hii haina kwao kwengine. Chama cha Kikomunisti cha Kerala kilizaliwa mkutanoni Pinarayi, karibu tu na hapa tulipo, mwaka 1939. Mwaka 1957 jimbo zima likachagua serikali ya Kikomunisti kwa kura, E. M. S. Namboodiripad akiwa waziri mkuu wa jimbo, na miaka miwili baadaye serikali ya Delhi ikaiondoa. Siasa hapa ni kitu cha nyumbani, kama maji ya kisima. Na tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 wilaya hii imezika watu wa pande zote, wa CPI(M), chama cha Kikomunisti, na wa RSS na BJP, jumuiya na chama cha siasa za Kihindu, zaidi, na wa vyama vingine pia. Mwaka 1999 peke yake, siku ya sikukuu ya Onam, kiongozi mmoja wa CPI(M) alivamiwa nyumbani kwake akakatwa mapanga, akaponea chupuchupu. Desemba mwaka uleule mwalimu wa skuli ya msingi, kiongozi wa vijana wa BJP, aliuawa darasani mbele ya wanafunzi wake. Mei 2012, huko Onchiyam, wilaya jirani ya Kozhikode, T. P. Chandrasekharan, aliyekuwa amejitoa CPI(M) na kuunda chama chake, aliuawa barabarani kwa mapanga.

Mwongozaji, ambaye kila mtu anamwita chettan, yaani kaka, alitukalisha jana tukasoma skripti tangu asubuhi hadi usiku. Kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza, msaidizi wake alisoma kwa sauti majina ya kamati ya malalamiko ya ndani, ile inayopokea malalamiko ya unyanyasaji wa kijinsia, na nani apigiwe simu. Mahakama Kuu ya Kerala iliamuru mwaka 2022 kwamba kila utayarishaji wa filamu uwe na kamati hiyo, na tangu ripoti ya Jaji Hema, kuhusu manyanyaso ya wanawake katika filamu za Kimalayalam, ilipotolewa hadharani Agosti 2024 hakuna tena anayelichukulia jambo hili kama karatasi tu. Wasichana wawili wa kitengo cha mavazi waliandika namba zile kwenye viganja vyao vya mkono. Mimi nilizihifadhi kwenye simu.

Baada ya kusoma, chettan alisema neno moja ambalo nimelibeba: kila mtu aliyeketi hapa anajua mtu aliyezika mtu, basi tusifanye tamasha.

20 Januari

Siku tano kwenye karakana ya bidi. Hizi ndizo siku nilizozipenda kuliko zote mpaka sasa.

Bidi ni sigara nyembamba ya jani la tendu, linalokatwa kwa mkasi, likajazwa tumbaku, likakunjwa na kufungwa uzi. Kannur ilikuwa na maelfu ya watu wa kazi hii, na mwaka 1969 walianzisha ushirika wao, Dinesh Beedi. Sasa wamebaki wachache, wengi wao kina mama wa makamo. Lakini kilichotuleta hapa ni desturi moja. Wafanyakazi walikuwa wakimchagua mmoja wao awasomee gazeti kwa sauti wakati mikono yao inakunja, na wao wakamfidia kazi aliyoikosa. Wakulima na wasokotaji bidi wa huku walijua habari za dunia kupitia koo la mtu mmoja.

Katika filamu, kijiji kinapata habari ya mauaji kwa njia hiyo: msomaji anafika kwenye habari, anaona jina, anasita, anasoma. Chettan alimtafuta mzee ambaye kweli alikuwa msomaji ujanani, akamwomba acheze nafasi yake mwenyewe.

Nilimwekea kimaikrofoni cha kifuani na bumu, ile maikrofoni ya kwenye fito ndefu, ikaning'inia juu ya kichwa chake, kama tunavyomfanyia kila mwigizaji. Nikasikiliza. Sauti ilikuwa safi na ilikuwa ya uongo. Ilikuwa kama anasoma redioni. Nikaenda kukaa kwenye benchi la mwisho kabisa, nikavua hedifoni, na hapo nikaelewa: mzee hapazi sauti hata kidogo, anaipeleka. Anaituma ipite juu ya mikasi, imfikie mtu wa mwisho, na mikasi nayo inapungua yenyewe anapofika pazito. Tukahamisha maikrofoni ya pili benchi la mwisho, kwenye usawa wa sikio la mfanyakazi aliyeketi. Teki ya nne, alipolisoma jina, mikasi yote ilinyamaza isipokuwa mmoja. Mama mmoja aliendelea kukata, kra, kra, kra. Hakuna aliyemwelekeza. Nilimwuliza baadaye, akasema mikono yake ilikataa kusimama.

Sheria ya India inataka maandishi ya onyo la tumbaku yatokee chini ya picha kila mtu anapovuta. Mpigapicha alisikitika kuharibiwa fremu yake. Mimi nilishukuru kwamba sikio halina maandishi.

2 Februari

Tatizo la lahaja. Mwigizaji mkuu ni wa Thiruvananthapuram, kusini kabisa. Huku kaskazini "yeye" wa kiume ni ōn na wa kike ni ōḷ, wakati kwenye vitabu ni avan na aval, na hilo ni dogo tu. Mwendo mzima wa sentensi ni mwengine. Ni kama kumchukua mtu wa mjini Unguja ukamwambia aseme Kipemba cha Micheweni kwa wiki tatu, na wasikilizaji wawe watu wa Micheweni. Anafundishwa kila alfajiri na mwalimu mstaafu wa hapa. Tumekubaliana kunasa sauti palepale kwenye seti, bila kutegemea kuingiza maneno upya studio kama filamu nyingi za zamani zilivyofanya, kwa hiyo kosa lake la saa nne asubuhi ndilo litakaloingia sinema. Anajua, na hakuna anayejitesa kuliko yeye.

10 Februari

Hartali, yaani mgomo wa kufunga mji. Imetangazwa usiku, asubuhi mji umefungwa. Mahakama Kuu ilishaamua mwaka 2019 kwamba hartali itangazwe siku saba kabla, lakini leo mabasi hayapo, maduka yameshusha milango, na magari yetu hayawezi kutoka hotelini. Magari ya hospitali, maziwa na magazeti huachwa yapite.

Mtayarishaji alikuwa akihesabu hasara. Mimi nilimwomba mnasa sauti mkuu ruhusa, nikachukua kinasa sauti kidogo na maikrofoni mbili, nikatoka kwa miguu. Nimenasa saa tatu za Thalassery bila injini. Kunguru. Bahari, ambayo siku nyengine huisikii kutoka barabara kuu. Baiskeli moja. Redio ndani ya nyumba, dirisha limefungwa. Kengele ya mlango wa duka ukiinuliwa shibiri mbili ili mtu auziwe mkate kwa chini. Sikuwahi kupata sauti kama hizi na sitazipata tena kwa fedha yoyote. Zitakuwa siku ya mazishi katika filamu.

19 Februari

Maandamano. Watu 300 wa vijiji vya jirani, malipo ya siku, chakula, maji. Vyama katika filamu havina majina, na bendera zimeshonwa kwa rangi ambazo hakuna chama chenye nazo hapa. Hata hivyo ilikuwa kazi. Wengi wa waliokuja ni watu wa vyama kweli, na walitaka kujua kwanza: tunapiga kauli za nani? Mtu haombwi kutamka kauli ya upande uliomzika ndugu yake, hata kwa mchezo, na chettan hakuwaomba. Zikaandikwa kauli zinazomtaja marehemu tu. Moja ni ya zamani, inatumiwa na wote: hapana, hapana, hajafa, anaishi ndani yetu. Kiongozi anatupa nusu, umati unarudisha nusu. Watu wa nyumbani mnaujua mwendo huo. Kampeni zetu hazina tofauti.

Nilijifunza neno leo, au tuseme nimelielewa. Kila njia panda hapa ina jiwe la kumbukumbu la raktasakshi. Rakta ni damu, sakshi ni shahidi, yule anayesimama mahakamani kusema alichokiona. Raktasakshi ni aliyekufa kwa ajili ya jambo lake. Nikamweleza chettan kwamba Kiswahili hakihitaji hata kuongeza damu: shahidi ni yule wa mahakamani na ndiye yuleyule aliyeuawa. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema hiyo ndiyo filamu yake yote, kwamba mwanamke mmoja ni shahidi wa namna ya kwanza na mumewe wa namna ya pili, na kijiji kinamheshimu wa pili na kumwogopa wa kwanza.

27 Februari na 28

Usiku mbili za mauaji. Kichochoro cha mawe mekundu ya laterite, mapanga ya mpira, kamera mbili, mtambo wa umeme uliowekwa mita 150 mbali na kuzungushiwa magodoro ili usingurume kwenye maikrofoni zangu. Skripti inataka bomu la kienyeji lirushwe kwanza ili watu wafungiane ndani, halafu mapanga.

Mtu wa mandhari alipita nyumba kwa nyumba siku mbili kabla, na polisi walikuwa wamearifiwa. Tulitaka mlipuko wa kweli, mdogo, wa fundi mwenye leseni, kwa sababu mwangwi wa kichochoro kama kile hautengenezeki. Mama mmoja wa nyumba ya tatu akaja mwenyewe, ameshika shali yake. Hakuja kugomba. Alimwambia chettan kwamba sherehe za hekaluni zinalipua baruti, kathina, kila mwaka na yeye analala usingizi, kwa sababu sikio lake linajua ile ni ya furaha. "Lakini hii yenu mwanangu, mtaifanya ifanane na ile nyengine. Ndiyo kazi yenu, kuifananisha. Mkiweza, mimi nitaisikia."

Chettan aliufuta mlipuko palepale. Tulipiga picha kwa ishara ya taa tu, na nikaambiwa nitatafuta sauti studio.

Usiku huo sikulala, na sababu naiandika hapa ingawa haihusu ratiba. Januari 2001, polisi walipowafyatulia risasi waandamanaji Pemba, nilikuwa mtoto, Wete. Mamaangu alikuwa jikoni amekalia mbuzi, anakuna nazi. Risasi zilikuwa mbali, na mtoto hajui risasi ni nini. Mimi sikuogopa risasi. Niliogopa mbuzi ilipoacha kukuna.

12 Machi

Pazia la sehemu ya kwanza. Siku 46 za kazi, mbili zimepotea kwa hartali na moja kwa homa ya mwigizaji. Nimekabidhi diski, nakala tatu, kila moja kwenye gari tofauti. Tunaelekea Kochi.

Kabla ya kuondoka tulinasa Theyyam, ibada ya ngoma na kucheza ya huku, usiku kucha kwa ruhusa ya wenye madhabahu: ngoma za chenda kutoka mbali, nyuma ya shamba la minazi, kama mjane anavyozisikia. Msimu wake unakwisha karibu na mwezi wa Mei, mvua zikija.

3 Mei, Kochi

Mhariri, mwanamke mtulivu ambaye vijana wote wanamwita chechi, dada, aliniita chumbani mwake. Alikuwa ameunganisha mauaji vizuri sana, dakika tatu na nusu, na alisema hayo kwa huzuni. "Ni nzuri. Tazama watu watakavyoitazama." Kijana wa chai alikuwa mlangoni amesimama na vikombe, ameganda kwa kuvutiwa. Nilimwona. Alikuwa anaburudika.

Chechi akasema anataka kubaki jikoni. Katika skripti mjane yuko jikoni dakika hiyo, lakini tuna shoti moja tu ya humo, amekaa kwenye chirava. Chirava ni mbuzi. Kibao cha kukalia na jino la chuma mbele, hata urefu ule ule. Siku ya kwanza nilipoiona Kerala nilidhani mtu ameileta kutoka kwetu. Nikamhadithia habari ya Wete. Hakunifariji wala hakuandika kitu. Alirudisha shoti ile mwanzo, akaniambia nikae, tukaiangalia bila sauti mara nyingi, nimesahau ngapi.

Jioni chettan alikuja. Wakabishana saa mbili. Mtayarishaji alipigiwa simu. Ni mtu aliyefanya kazi Muscat miaka mingi, na fedha aliyoiweka hapa ni jasho lake. Usiku mbili za kamera mbili zitupwe? Namhurumia kwa dhati. Alisema tumwoneshe, akiona ataamua.

9 Juni, Thalassery tena

Mvua imeingia kwa wakati wake. Upepo unaoileta ni kusi yetu ileile, iliyowahi kusukuma majahazi kutoka pwani yetu kuja huku. Ikifika hapa inageuka maji. Tumerudi siku tatu kwa ajili ya jikoni, na tukajificha chini ya turubai tukingoja mapumziko ya mvua, kwa sababu tukio ni la kiangazi.

Mwigizaji wa mjane ni mzuri mno, ila hajui kukuna. Nyumbani kwao wanatumia mashine. Mama wa nyumba ya tatu, yule wa shali, ndiye aliyemfundisha. Mimi nilinasa mikono ya mama mwenyewe kando, nazi sita, maikrofoni tatu: moja karibu na jino la chuma, moja kwenye sakafu ya udongo mgumu, moja chumba cha pili. Ile ya chumba cha pili ndiyo ya kweli. Kwa karibu unasikia chuma na nyuzi; kwa mbali unasikia mtu aliye salama.

Nilimwomba asimame ghafla. Alisimama, lakini kusimama kwake kulikuwa kwa kutii. Nikamwomba akune mpaka atakapochoka, akome anapotaka. Kwenye nazi ya tano jirani aliita jina lake kutoka nje, naye akaacha katikati ya mvuto, jino bado limo ndani ya nyama ya nazi. Ninayo hiyo.

22 Julai, Kochi

Kuchanganya sauti, siku ya kumi na moja. Tukio zima sasa ni sekunde 70. Anakuna. Pikipiki inasimama nje, haizimwi. Mumewe anasema "nani?" kwa sauti ya kawaida. Ngoma za Theyyam mbali. Kisha kitu kinaanguka. Nilijaribu gunia la mchele, mlango, kole la mnazi juu ya bati; mwisho ni gunia la mchele lililolowa, peke yake, chini sana. Mbuzi inaacha. Pikipiki inaondoka. Kifuu kinabiringika kidogo. Hatuoni kitu isipokuwa mgongo wake.

Mtunzi wa muziki alikuwa ameandika nyuzi za fidla kwa ajili ya hapo. Alikuja, akasikiliza, akaziondoa yeye mwenyewe bila kuombwa. Mtayarishaji alitazama jana. Alibaki kwenye kiti baada ya taa kuwaka, kisha akauliza kama tunaweza kuongeza sekunde tano za kimya kabla ya kukata. Tumeongeza tano.

Nilichokikosea: nilisafisha mno sauti ya pumzi ya mjane. Leo nimeirudisha.

14 Agosti

Nakala imepelekwa bodi ya ukaguzi wa filamu, ofisi ya Thiruvananthapuram. Tunangoja cheti. Wakitaka neno lolote liondolewe kwenye kauli za maandamano, itabidi nikate kwenye sauti za watu 300, na nimeshaandaa mikanda mitatu tofauti ya umati kwa hofu hiyo.

Kilichobaki upande wangu ni kidogo: sentensi moja ya inspekta ambayo gari ilipita juu yake, mwigizaji ataisema upya kesho studio, kwa lahaja. Na mama wa nyumba ya tatu tumemwahidi kumwonesha tukio lile kabla ya mtu mwengine yeyote wa mji wake. Nitakwenda na treni ya usiku Jumamosi, nimebeba spika mbili nzuri na kompyuta. Amesema tusilete picha kama hatuna nafasi. Yeye anataka kusikia tu.